Gombe kwa Boti, na Habari za Ng'ambo

Najua nimepotea. Wengine mmeshaanza kunipigia simu mkiuliza kama nimefukuzwa chuo ama nimeoa kimyakimya. Hakuna kati ya hayo. Bumu lilikata, mitihani ikafuata, halafu ikaja likizo fupi, na mimi nikafanya jambo ambalo nimekuwa nikilisema tangu mwaka wa kwanza: nimepanda treni kutoka hapa Tabora mpaka Kigoma, nikapanda boti Kibirizi, nikalala usiku mmoja Gombe. Leo nawapa stori nzima. Kaeni mkao wa kula.

Kabla sijafika mbali, najua kuna mtaalamu wa jiografia atanyoosha mkono aseme Gombe siyo kisiwa. Ni kweli, siyo kisiwa. Ni kipande cha nchi kavu kaskazini mwa Kigoma. Lakini hakuna barabara ya gari inayokufikisha. Nyuma kuna milima, mbele kuna Ziwa Tanganyika, na ukitaka kwenda lazima uende kwa maji. Basi mimi nimehesabu kisiwa. Na siko peke yangu katika kosa hilo: mwaka 1858 Wazungu wawili, Burton na Speke, walipita na mitumbwi kaskazini mwa ziwa hilo hilo wakaiona Ubwari upande wa pili, wakaandika kwamba ni kisiwa. Kumbe ni rasi tu imejitokeza kutoka Kongo. Ukiwa majini, kila kitu kinafanana na kisiwa.

Sasa kwa nini nilienda? Sokwe walikuwa sababu ya pili. Sababu ya kwanza ni swali moja ambalo mnaniuliza sana hapa chuoni.

"We kabila gani?"

Si mnajua tena, hilo ndilo swali la kwanza mtu akikutana na mwenzake kwenye foleni ya msosi. Siyo kwa ubaya, ni kutafuta utani tu, tuanze kutupiana maneno. Mimi hujibu "Mnyamwezi". Halafu mtu akisikia jina la ukoo wetu ananitazama. "Mnyamwezi wa wapi wewe? Hilo jina siyo la Kinyamwezi." Hapo mimi hucheka, hubadilisha mada, tunahamia kwenye mpira.

Nyumbani jibu lipo, ila halisemwi kwa sauti. Bibi yangu mzaa mama anakaa Ng'ambo, hapa hapa Tabora mjini. Bibi wa bibi yangu hakuzaliwa Unyanyembe. Aliletwa. Alitoka Manyema, huko Kongo ya mashariki, akiwa mtoto, akavushwa ziwa, akatembezwa mpaka Tabora, na hapa akakaa mpaka akafa. Hilo ndilo nililokuwa nalijua. Neno "aliletwa" likitajwa mbele ya mjomba wangu mkubwa, mazungumzo yanakwisha. Miaka michache iliyopita binamu yangu alichumbiwa, na upande wa pili wakauliza hasa hasa nyie ni watu wa wapi. Jibu lilipopatikana, mahari hayakuletwa. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyegombana. Hawakurudi tu.

Kwa hiyo wadau, mnaposikia historia ya misafara darasani mkasinzia, mjue kuna wenzenu haisinziliki.

Halafu mimi nasomea ualimu, historia na Kiswahili. Muhula uliopita tulitakiwa kuandaa somo la kufundisha kidato cha pili kuhusu biashara ya masafa marefu. Mnaikumbuka ile ramani tuliyochorewa wote tangu shule ya msingi: mshale unaanzia Bagamoyo, unapita Mpwapwa, unafika Tabora, unaishia Ujiji. Kichwa cha mshale kiko ziwani. Nikauchora na mimi. Kisha nikautazama muda mrefu, maana kwa mshale ule bibi wa bibi yangu hayumo. Yeye hakuanzia Bagamoyo. Kwake Ujiji haikuwa mwisho wa njia, ilikuwa katikati. Nikasema lazima nikasimame pale mshale unapoishia, nitazame mbele yake kuna nini.

Tuanze na Tabora yetu, maana tunaishi juu ya historia tunailalamikia vumbi. Zamani wafanyabiashara walipaita Kaze, kwenye nchi ya Unyanyembe. Hapa ndipo njia zilipokutana: ya pwani, ya Ujiji magharibi, ya Karagwe na Buganda kaskazini. Burton na Speke walifika Novemba 1857 wakawakuta Waarabu na Waswahili wamejenga tembe nzuri na bustani. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 kuanzia Februari hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Mwaka 2006 Kwihara iliwekwa pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji kwenye orodha ya awali ya UNESCO kama njia kuu ya kati ya watumwa na pembe za ndovu. Nyie mmefika Kwihara mara ngapi? Msijibu, teh teh teh.

Na jamani tuwe wakweli kuhusu sisi wenyewe. Wanyamwezi tunajisifu kwa upagazi, na sifa ni ya haki. Wapagazi wengi walikuwa watu huru, walikubaliana ujira, walilipwa nguo na shanga, na kijana asiyewahi kufika pwani alionekana bado hajakua. Lakini wanaume walipokwenda pwani, nani alilima? Unyamwezi nayo ilinunua watu. Pembe zikienda mashariki, baadhi ya mateka waliotoka ng'ambo ya ziwa walibaki hapa hapa, kwenye mashamba na kwenye nyumba. Bibi wa bibi yangu alibaki hivyo. Mwenye nyumba alimuoa, wakazaa. Kwa hiyo yule aliyemnunua naye ni babu yangu. Wote wawili ni wangu, siwezi kuchagua mmoja nikamwacha mwingine. Hesabu ya bibi ni kwamba alivushwa akiwa na miaka minane au tisa, karibu na 1890. Utumwa ulikuja kufutwa rasmi na sheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Maana yake alikuwa mtu mzima, ana watoto wakubwa, siku serikali inatangaza kwamba yuko huru.

Basi nikaenda kumuaga bibi. Yeye huniita mume wangu, kama bibi wote.

"Mume wangu unaniacha unakwenda wapi?"

"Kigoma, bibi. Nakwenda kuliona ziwa."

Akanyamaza. Akaendelea kuchambua mchele. Halafu akasema, "Ukirudi usiniletee dagaa."

Nilicheka maana nilijua. Bibi hali dagaa, hali mgebuka, hali kitu chochote kilichotoka lile ziwa. Hapa Tabora dagaa wa Kigoma ndiyo mboga ya watu, sisi wa hosteli tungekufa bila wao, lakini kwa bibi sufuria lake halijawahi kuwagusa. Ukiuliza anasema ni mwiko wa ukoo. Tumekua hivyo, hakuna aliyehoji.

Treni sasa. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, Mjerumani akiwa anakimbizana na wakati, na ni kilomita kama 400 kutoka kwetu mpaka ziwani. Nilikuwa na mshkaji wangu wa chumbani na dada mmoja wa mwaka wa tatu anayesomea jiografia, yeye ndiye aliyekuwa na hela ya akiba, Mungu ambariki. Daraja la tatu, kiti kwa kiti, kuku chini ya miguu, watu wanagawana karanga na siasa. Reli inafuata karibu njia ile ile ya zamani. Tulipita Urambo usiku, nchi ya Mtemi Mirambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia hii alipopigana na Waarabu wa Tabora, hata Stanley ikabidi azunguke mbali kusini ili afike Ujiji. Baadaye mto Malagarasi. Kisha Uvinza, kwenye chumvi, ambako misafara ilikuwa ikisimama kununua chumvi tangu kale. Nilikuwa nachungulia dirishani nafikiria mtu anayetembea. Sisi tulikuwa tunalalamika miguu imekufa ganzi kwa kukaa.

Asubuhi ziwa likajitokeza. Nisiwadanganye, sijui kulielezea. Nimezaliwa Tabora, maji makubwa niliyowahi kuyaona ni bwawa. Lile siyo bwawa. Lina urefu wa kilomita kama 670, kina chake kinafika mita 1,470, duniani kote linazidiwa kina na Baikal la Urusi peke yake. Na rangi yake ni buluu kabisa mpaka mshkaji wangu akauliza kama ni bahari. Dada wa jiografia akamtazama kwa huruma.

Tulianzia Ujiji. Pale kwenye ukumbusho wa Livingstone kuna miembe, na kuna sanamu mbili, Livingstone na Stanley, wanasalimiana kwa kuvua kofia. Ndipo walipokutana mwaka 1871. Watoto wa shule huletwa pale na wote wanaondoka na sentensi moja tu ya Stanley, ile ya "Dokta Livingstone, nadhani". Sawa. Lakini kwa nini Livingstone alikuwa Ujiji wakati ule? Alikuwa ametoka Nyangwe, Manyema, kwenye mto Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake. Wengi walikimbilia mtoni wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akashindwa kuendelea kukaa na watu wale, akageuza kurudi Ujiji. Ndipo Stanley akamkuta. Zile kofia mbili zina soko la Nyangwe nyuma yake. Kama ningekuwa na darasa pale, ningewageuza wanafunzi wazipe mgongo sanamu, watazame magharibi.

Jambo jingine la kushangaza pale Ujiji: ziwa halipo. Yaani lipo, lakini inabidi uteremke mwendo mzuri ndipo ulifikie. Zamani maji yalikuwa karibu zaidi. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, nao ulikuwa umezibwa na matope na majani. Maji yakapanda na kupanda, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1870 yakapasua kizibo, ziwa likashuka mita kadhaa. Kwa hiyo ule ufuko ambao mateka walishushwa hauko tena pwani, uko nchi kavu, na watu wamejenga nyumba juu yake, wameanika nguo.

Misafara ya Manyema ilikuwa inafika ziwani upande wa Kongo, mahali kama Mtowa, halafu watu na pembe wanapakiwa kwenye mitumbwi na majahazi kuvuka kuja huku. Hilo nililisoma maktaba. Ila kusoma "wakavuka" ni neno moja. Nikataka kukaa majini.

Kesho yake tukaenda Kibirizi, kilomita chache kutoka stesheni ya Kigoma, panapopakia boti za kwenda vijiji vya kaskazini mpaka mpaka wa Burundi. Kha! Jamani. Ni boti ndefu ya mbao, injini nyuma, na ndani wanapanga dunia nzima: kreti za soda, magunia ya unga, magodoro, mabati, mbuzi mmoja mwenye kiburi, na juu ya hivyo vyote ndiyo abiria. Tukapewa maboya ya kuvaa. Mshkaji wangu alivaa lake tukiwa bado nchi kavu.

Boti inatambaa na ukingo, haiingii katikati. Saa tatu hivi mpaka Gombe. Inasimama kila kijiji, watu wanashuka na viatu mkononi, wengine wanapanda. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mtu mzima na mzigo wa vitenge. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnatoka wapi nyie wanafunzi?"

"Tabora."

"Aaa, Tabora! Kwa ndugu zetu." Akanitazama usoni vizuri. "Wewe Mmanyema?"

Wadau, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kanisomea usoni kile ambacho kwetu kinafichwa kabatini. Na alikisema kama anavyosema bei ya nyanya. Nikajikuta nimejibu, "Ndiyo mama. Upande wa bibi."

"Basi tu ndugu," akasema, akafungua mfuko akanipa ndizi.

Tukaongea njia nzima. Nikamuuliza kama amewahi kufika ng'ambo. Alicheka sana. Shangazi zake wako ng'ambo. Mdogo wake kaolewa ng'ambo. Yeye mwenyewe zamani alikuwa anavuka kupeleka chumvi na sabuni, anarudi na vitenge na mawese, mpaka vita vya Kongo vilipoanza miaka ya 1990, ndipo wakaanza ng'ambo kuja huku badala ya yeye kwenda. Wapo ndugu zake walioishia kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996. "Ziwa siyo ukuta mwanangu," akaniambia. "Sisi ni uwanja wetu. Tunachungulia wakiwasha moto."

Nilikaa na hilo neno. Nyumbani kwetu ng'ambo ni mahali ambapo mtu alitolewa na mlango ukafungwa. Kwa huyu mama ni kwa shangazi.

Boti ikatushusha Gombe mchana, ikaondoka. Mlio wa injini ukazama taratibu nyuma ya rasi, halafu... kimya. Nyie mnaoishi hosteli yetu, block ya karibu na wale jamaa wenye spika, hamjui kimya ni nini. Pale unasikia maji yanalamba changarawe. Unasikia jani. Simu haina mtandao, mshkaji wangu alizunguka nayo ufukweni kainyanyua juu kama anayeomba mvua, wapi.

Hifadhi yenyewe ni ndogo, moja ya ndogo kuliko zote nchini, vibonde vyenye msitu vinavyoshuka kutoka kilele cha milima mpaka majini. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968. Dkt. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, alishuka pale Julai 1960 akiwa msichana wa miaka 26, hana digrii, akiwa na mama yake na mpishi. Miezi michache baadaye akamwona sokwe anachukua kijiti, anakitengeneza, anavulia mchwa, na wataalamu wakalazimika kufikiri upya maana ya kusema binadamu peke yake ndiye anayetengeneza vyombo. Nasi tulipanda na mwongoza wageni, tulipanda kweli, dada wa jiografia mbele sisi wanaume tukihema nyuma, na baada ya muda tukawakuta: mama, mtoto mgongoni, na wengine wawili juu ya mti. Mwongozaji akatuambia tukae chini tusiongee. Mama sokwe akatutazama mara moja, akatupuuza, akaendelea kula.

Kutoka juu kule unaelewa kwa nini nimepaita kisiwa. Ndani ya hifadhi kijani kitupu. Nje ya mpaka wake, milima ya vijijini imelimwa mpaka juu, mingine imebaki nyasi. Mwongozaji, kijana wa kijiji cha jirani, alisema sokwe hawana tena msitu mrefu wa kupitia kwenda kuoana na wenzao mbali, na ndiyo maana siku hizi vijiji vinatenga vipande vya msitu viote tena ili njia ifunguke. Alisema neno moja nikaliandika kwenye daftari: "Aliyefungiwa hafi siku hiyo, anapungua." Alikuwa anaongelea sokwe. Mimi nilikuwa nimeshahama, nafikiria nyumba yetu ya Ng'ambo.

Jioni nyani wakaiba mkate wetu. Hilo nalitaja kwa ufupi kwa heshima ya mshkaji wangu aliyekuwa mlinzi.

Jua lilipozama milima ya Kongo ikatokea yote, mstari mweusi juu ya maji, kutoka kushoto mpaka kulia. Mchana ilikuwa imefunikwa na ukungu, hata nikadhani haionekani. Tukakaa kwenye changarawe watatu bila kuongea. Nikapima kwa macho. Usawa ule ni kama kilomita 50, pengine pungufu. Speke mwaka 1858 alivuka kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge upande ule kutafuta jahazi la kukodi, na njiani wakalazimika kusubiri hali ya hewa itulie, kwa maana ziwa hili likichafuka halina adabu. Yeye alikuwa na watu wa kumpigia makasia, na alijua anakwenda wapi. Mtoto wa miaka minane hajui. Anaona milima ya kwao inashuka nyuma, anaona milima ya watu wengine inapanda mbele, na kati yake hamna mti, hamna jiwe.

Halafu giza likaingia na taa zikaanza kuwaka majini. Moja, tatu, ishirini, mpaka ukahesabu ukachoka. Ni wavuvi wa dagaa. Usiku usio na mbalamwezi wanaingia ziwani na taa, dagaa wanaifuata mwanga wanavuliwa. Ukikaa ufukweni ni kama mji umeota juu ya maji, na ule mji unajaza pengo lote kati ya huku na kule. Nikakumbuka "tunachungulia wakiwasha moto". Nililala nimechelewa sana.

Asubuhi na mapema boti ikatupitia. Siku mbili baadaye niko kwa bibi, mikono mitupu kama alivyoagiza. Nikamsimulia yote: treni, sanamu, mbuzi, sokwe, yule mama wa vitenge. Nilipofika "Wewe Mmanyema?" akacha kusuka ukili. Nikamwambia nilivyojibu.

Akakaa. Kisha akaniuliza, "Maji yana rangi gani?"

"Buluu, bibi. Kama kanga yako ile."

Ndipo akaniambia, na sikumuuliza. Bibi yake alivushwa na wadogo zake wawili, wa kiume na wa kike. Walikuwa wagonjwa. Njiani majini wakatupwa, mmoja akiwa tayari amekufa, mwingine bado. Alipofika Tabora akakua, akaolewa, akapika kila kitu alichoambiwa apike, ila alikataa samaki wa lile ziwa. Aliwahi kupigwa kwa hilo. Akasema samaki wale wamekula wadogo zake, na yeye hawezi kuwala wadogo zake. Akamrithisha mwanawe, mwanawe akamrithisha bibi, na njiani maneno yakadondoka, ukabaki mwiko peke yake.

"Majina yao?" nikauliza.

"Alikuwa anayataja akiwa mgonjwa," bibi akasema. "Mimi nilikuwa mtoto. Sikuyashika."

Wadau, nimesoma vitabu vingi kwa ajili ya lile somo la kidato cha pili. Nimesoma hata maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri cha kuvutia, na pembe zote anazihesabu. Bibi yangu alikuwa na sura nzima ambayo haimo humo, aliitunza kwa kutokula dagaa.

Mjomba amesikia kwamba nataka kuandika. Amenipigia, amesema mambo ya nyumbani hayaanikwi, na je nikipata mchumba? Nimemsikiliza kwa heshima, ni mjomba wangu. Nikarudi kwa bibi kuomba ruhusa, maana mwenye habari ni yeye. Akafikiri, akasema, "Andika. Jina langu usilitie." Sijalitia.

Somo langu nimeliandaa upya na nitalifundisha mafunzo kwa vitendo yakianza. Ramani ni ile ile, ila chaki inaanzia Nyangwe na Kasongo. Inashuka Mtowa, inavuka maji, inapita Ujiji, Uvinza, inafika Tabora, na hapo inagawanyika: tawi moja linakwenda Bagamoyo, jingine linabaki hapa hapa mjini. Pale ziwani, katikati ya maji, nitaacha chaki isimame kidogo kabla haijaendelea. Msimamizi akiniuliza kwa nini nimepoteza dakika, nitamweleza.

Na nyie mkinikuta kwenye foleni ya msosi mkaniuliza kabila gani, jibu ninalo sasa: Mnyamwezi na Mmanyema. Utani unaruhusiwa, ila mjiandae nami nina wa kwangu. Mshkaji wangu ananiambia leo jikoni kuna dagaa. Nyie kuleni, mimi sahani yangu maharage.

Tuko pamoja. Bumu likiingia nistueni.